Muda wa Kuku Mmoja

Siku ya kuniaga mlinipa godoro. Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani, wengine hupewa mbuzi, mimi nikapewa godoro nene, na Odongo akalibeba kichwani kutoka geti la kiwanda mpaka nyumbani kwangu karibu na reli, anaimba njia nzima. Nilielewa mlichokuwa mnaniambia: Mama Nabwire, nenda ukalale. Asanteni sana, godoro ni zuri. Mume wangu Owor analilalia mchana kutwa. Mimi mwenyewe bado sijapata nafasi.

Mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi, ili wanaoingia jikoni sasa wajue tulikotoka. Habari za vyeo sina, maana jikoni kuna cheo kimoja tu, nacho ni cha aliyeshika mwiko. Mshahara tusiuguse, tutaharibu siku bure. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na yaliyonipata kule Mwello baada ya kustaafu, kwa sababu nimesikia Odongo anayasimulia, na anayasimulia kana kwamba yeye hakuwa na kisu mkononi.

Nilikuja Tororo nikiwa msichana kutoka kwetu Samia, upande wa Kenya, nimeolewa na Owor, mtu wa Paya aliyekuwa akifanya kazi reli. Kiwanda cha saruji kilikuwa kinatafuta mtu wa kuosha vyombo kantini. Mimi nikafikiri vyombo ni vyombo. Asubuhi ya kwanza mpishi mkuu, Mzee Okiror, mtu wa Teso, mrefu, mwenye sauti ya chini, akanionyesha sufuria ya posho, ambayo kwetu Kenya ni ugali. Ninyi hamkuikuta ile, ilitoboka zamani. Akanipa brashi, akasema, "Ingia."

Nikatazama nyuma kutafuta mlango.

"Ingia ndani ya sufuria, msichana. Ama unataka kuiosha ukiwa Kenya?"

Nikavua viatu, nikakaza leso kiunoni, nikaingia. Watu wa zamu ya asubuhi walipokuja kuchukua chai waliona kichwa changu tu kinachungulia. Mmoja akauliza kwa sauti kama leo kantini imeandaa supu ya Msamia. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nilitaka kulia, lakini nikiwa ndani ya sufuria ningelia vipi? Nikacheka nao, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa pale.

Okiror hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo aliyagawa kama nyama. Posho, alisema, haisongwi kwa mkono, inasongwa kwa kiuno. Simama miguu imeachana, mwiko uegemee paja, mwili wote uende nao. Nimeona vijana wenye misuli wakishindwa na posho ya watu mia tatu, kisha anakuja mama mwembamba anaigeuza huku anasimulia habari za harusi. Unga usiutie kabla maji hayajacheka. Maharage yatie chumvi mwisho, "maharage si ng'ombe wa kukimbilia chumvi." Na kifuniko, wanangu, kifuniko! Vumbi la saruji halibishi hodi. Ukiacha sufuria wazi upepo ukitoka upande wa mitambo, utawalisha watu ukuta.

Mwaka mmoja kiwanda kilitoa kuku kwa ajili ya Krismasi. Tukawapika kama wanavyopikwa nyumbani, vipande vikubwa, kila kipande kinajulikana jina. Wapakiaji wawili, marafiki wa kufa na kuzikana, wakagombania paja moja. Paja likaanguka chini. Wakaanza upya, sasa wanagombania nani ameliangusha. Ilibidi askari wa getini waje. Paja lenyewe lilichukuliwa na paka.

Jioni ile Okiror akatukusanya jikoni. "Kuanzia leo," akasema, "kantini haina mkubwa."

Akatuonyesha. Kuku anakatwa vipande vya ukubwa mmoja, mfupa na nyama sawasawa. Firigisi, maini, moyo na shingo vinakatwakatwa vidogo kama kitunguu, vinatupwa kwenye mchuzi. Mchuzi unakuwa mzito, kila mtu anapata chake, na hakuna anayejua amepata nini. Meneja na mfagiaji wanakula kuku mmoja. Hawakupigana tena. Nimekata kuku namna hiyo zaidi ya miaka thelathini, na Okiror aliporudi kwao Teso nikawafundisha ninyi hivyo hivyo. Mtu akiniamsha usingizini akaniwekea kuku mbele yangu, mikono itamaliza kazi kabla macho hayajafunguka.

Sasa kustaafu. Watu hudhani shida ya mstaafu ni kukosa la kufanya. Shida yangu mimi ilikuwa sufuria ndogo. Sikujua kupika chakula cha watu wawili! Asubuhi ya kwanza nyumbani nikapika uji. Owor akaja, akachungulia, akanitazama.

"Nabwire, nani anakuja?"

"Hakuna mtu."

"Sasa hii uji yote ya nani?"

"Yetu."

Akakaa, akanywa kikombe, akanywa kingine, akafungua mkanda, akanywa tena. Halafu akasema yeye alikuwa mtu wa reli, hakuwa tangi la reli. Mchana nikapika maharage, tukayala mpaka siku tulipoanza kuyachukia. Nilipojaribu kupunguza, chumvi ilizidi, kwa sababu mkono wangu umezoea kuteka chumvi kwa konzi. Mbwa wa jirani alihamia kwetu kabisa, mwenyewe akaja kudai mbwa wake, naye akaondoka amebeba bakuli la wali.

Baada ya muda Owor alinikalisha. "Mama, chagua moja. Ama punguza chakula, ama ongeza watu."

Kupunguza kulikuwa kumenishinda. Nikaongeza watu.

Nilianza na chapati za Ijumaa kwa walimu wa shule iliyo nyuma ya nyumba. Wakafuata wanakwaya. Akaja mama mmoja mfanyabiashara wa mitumba, anayevuka Busia kila siku, akaniuliza kama naweza kuwapikia wanawake wa safu yake sokoni chakula cha mchana, wamechoka kula maandazi. Naweza? Mimi? Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia Owor anijengee jiko la mabati uani, naye akajenga, akajipa kazi ya kusimamia moto. Bado ana filimbi yake ya reli shingoni, na chakula kikiwa tayari anaipuliza. Majirani wapya hutoka nje kutazama treni.

Nafanya kazi Alhamisi mpaka Jumamosi, basi. Siku nyingine nalima mboga, nasuka mikeka, namtukana mbwa wa jirani. Furaha ya kazi hii sitaificha: kwa mara ya kwanza mimi ndiye ninayechagua nitampikia nani. Nikichoka nakaa. Nikitaka kuimba naimba. Magoti yangu, ambayo mliyazoea yakilia kuliko mlango wa stoo, yamenyamaza. Mkistaafu, wanangu, msiache kazi mnayoipenda. Acheni tu ile kengele ya zamu.

Ndipo akaja Adikini. Wengi mnamjua, lakini kwa wageni wa jikoni nitamtaja: ni yule msichana wa Mwello aliyeosha masufuria baada yangu, akapanda mpaka kwenye mboga, mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwenye mizani ya malori. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, na siku hiyo hakucheka. Barasa, kijana wa Busia aliyekuwa akituletea vitunguu, anataka kumwoa. Wazee wake wanakuja Mwello kujitambulisha na kuzungumza mahari, na Adikini anataka mimi ndiye nipike.

"Sasa si ni furaha?" nikamwuliza.

"Mama, ile mzee yake hataki mimi."

"Mzee gani?"

"Wandera, baba mkubwa ya Barasa. Ndiye alimlea. Anasema kwao wasichana iko mingi, kwa nini mtoto avuke mpaka kutafuta mke Mwello. Barasa anasema mzee hawezi kukataa bila sababu. Kwa hivyo anakuja kutafuta sababu." Akafuta macho na ncha ya kitambaa. "Na wewe unajua mama yangu ni mjane. Ameuza mbuzi yake yote kwa hii siku. Hao watu wakienda bila kukula, imeisha. Barasa hawezi kuvunja neno ya ule mzee."

Mnajua desturi. Wakwe wakila, wamekubali kuzungumza. Wakiondoka hawajagusa chakula, wamekataa, na hakuna barua wala simu itakayobadili.

Nikajipiga kifua. "Adikini, Wasamia ni watu wangu. Nimezaliwa kwao, najua wanachokula na wanavyokula. Hiyo sababu akaitafute kwingine. Kwenye sahani yangu hataipata."

Mdomo uliponza kichwa.

Siku yenyewe tulifika Mwello asubuhi na mapema, mimi, Owor na filimbi yake, na Odongo aliyeomba ruhusa kazini aje kunisaidia. Boma lilikuwa limefagiliwa mpaka linang'aa. Mama Adikini, mwembamba, mpole, alikuwa anazunguka anapanga viti vilivyokwisha kupangwa. Kuku walikuwa wametolewa na ukoo mzima, kuku wa kienyeji wa haki, wote wamefungwa miguu isipokuwa jogoo mmoja mwekundu aliyeruka juu ya paa la ghala akatushinda. Tukamwacha, waliobaki walitosha.

Mimi nilikuwa nasonga kalo, na mnajua ugali wa ulezi haukubali utazame kando. Nikamwambia Odongo, "Kata kuku." Maneno mawili. Kwenye jiko letu maneno hayo yana maana moja. Odongo akakata, na sitanii, alikata vizuri, vipande vyote kama vimepimwa. Beseni la firigisi na maini lilipokuja kwangu limekatwa vidogo, nililimimina kwenye mchuzi mwenyewe, kwa mkono huu, nikakoroga, nikaonja, nikafurahi. Mchuzi ulikuwa mzito ajabu. Nikasema moyoni, leo Wandera atakula mpaka aombe kulala.

Wageni wakaja na gari mbili. Barasa kavaa suti ya buluu, anatoa jasho. Mzee Wandera alikuwa mfupi, mnene, kofia kichwani, fimbo mkononi, na uso wa mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Salamu zikaenda, maombi yakaenda, watu wakanawa mikono. Wasichana wakapeleka masinia chini ya hema. Owor akapuliza filimbi. Mimi nikakaa kwenye kigoda, nikanyoosha miguu, nikamshukuru Mungu.

Halafu sinia likarudi.

Limerudi limejaa. Maisha yangu yote ya kazi, nimeona sahani zikirudi zimelambwa, nimeona zikirudi zimevunjika, sijawahi kuona sinia likirudi limejaa. Msichana aliyelibeba akalitua mbele yangu. "Mama, ule mzee amegeuzageuza kuku na kidole. Ameuliza wenzake kama wameiona. Wote wamesema hapana. Ameosha mkono."

"Wameona nini?"

"Sijui. Anasema kwa Kisamia."

Mimi nikajua. Nilishika kichwa kwa mikono miwili, kalo na yote. Firigisi! Mungu wangu, firigisi! Kwetu Samia kila kipande cha kuku kina mwenyewe, na firigisi ni ya mgeni mkubwa. Ukimletea mgeni kuku asiye na firigisi, umemwambia waziwazi kwamba mwenye nyumba ameshakula chake ndani, na yeye ameletewa mabaki. Baba yangu mzazi aliwahi kurudi kutoka ukweni na njaa kwa ajili hiyo, na hasira yake tuliila sisi nyumbani wiki nzima. Na mimi, binti yake, nimechukua firigisi za wakwe nimezifanya kitunguu.

Baba mdogo wa Adikini, mwenye boma, akaja jikoni mbio. "Nani alikula firigisi? Odongo, ni wewe?"

"Mzee, mimi sijakula kitu! Iko ndani ya mchuzi!"

"Ndani ya mchuzi namna gani? Hao watu wanatafuta kofia zao!"

Nikachungulia. Kweli, wamesimama. Dereva mmoja ameshawasha gari. Barasa amesimama katikati, hajui aende upande gani, na Mama Adikini amekaa kwenye mkeka wake, mikono magotini, hatazami mtu. Ule uso ndio ulionitoa jikoni. Nilivua aproni, nikaenda mpaka mbele ya Mzee Wandera, nikapiga magoti, nikamsalimu kwa Kisamia.

Akashtuka. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu na mahali petu.

"Mtoto wa Samia. Na ndiye uliyepika?"

"Ndiye mimi, baba."

"Na hukujua?"

"Nilijua, baba. Mikono ndiyo haikujua." Nikamweleza yote: kantini, wapakiaji wawili, paja, paka. Nikamwambia mwenye boma hakula kitu, wala hakuna mtoto aliyeiba, firigisi zote zimo ndani ya mchuzi, kila mtu anazo kidogo. Wazee wawili nyuma yake walianza kukohoa, na hakikuwa kikohozi. Yeye hakucheka.

"Hapa si kantini, binti. Hapa ni ukweni. Mimi nikirudi Busia nitasema nililetewa nini?"

"Baba, kosa ni langu, si la hawa. Nipe muda wa kuku mmoja tu."

Akatazama jua. Akamtazama Barasa, kijana wa watu, macho yamemtoka. Akatazama gari. "Wa kuku mmoja," akasema. "Wawili hapana." Akakaa, lakini kofia hakuivua.

Nikarudi jikoni mbio, na ndipo nikakumbuka kwamba kuku wote tumewapika. Aliyebaki hai kwenye boma lile alikuwa mmoja tu, yule jogoo mwekundu, na bado yuko juu ya ghala anatutazama.

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Odongo alipanda paa, jogoo akamrukia usoni, Odongo akashuka kwa mgongo. Owor akaanza kupuliza filimbi, akidhani jogoo ataogopa, kumbe ndiyo akapata nguvu. Akapita chini ya hema, katikati ya wakwe, akapindua birika. Mwenye boma akakimbia nyuma yake ameshika kanzu kwa meno. Na mimi na magoti yangu, nyuma yao.

Adikini alikuwa amefungiwa ndani na shangazi zake, akingoja kuitwa. Aliposikia kelele alitoka mbio, amevaa gomesi mpya ya kung'aa, ameikunja mpaka magotini. "Mama, kuja huku! Funga huku!" Mara namwona Barasa naye amevua koti, ameliweka begani mwa baba yake mkubwa kama kwenye msumari, anakimbia. Bwana harusi anafukuza kuku ukweni! Nilifikiri basi, hiyo ndiyo sababu, mzee ameipata. Wale wawili wakamsukuma jogoo mpaka pembeni ya ghala, mmoja huku, mmoja kule, wamechuchumaa.

"Kushoto!" sauti ikatoka chini ya hema. "Kushoto, mjinga wewe! Anatoroka! Msichana, usiondoke hapo! Hapo hapo! Sasa, sasa, sasa!"

Alikuwa Wandera, amesimama juu ya kiti.

Adikini akajitupa. Alipoinuka alikuwa amemkumbatia jogoo kifuani, manyoya kichwani, matope mpaka kwenye mkanda wa gomesi, na kile kicheko chake kikatoka, kile cha kusikika mpaka kwenye mizani. Barasa akacheka. Wazee wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wandera akashuka kwenye kiti polepole, akatengeneza kofia, akajifanya hakuwa yeye.

Odongo akachinja. Nikashika kisu, Adikini akanipokonya. "Mama, kaa. Leo napika mimi." Akamnyonyoa haraka kama alivyofundishwa, akapasua firigisi, akaondoa ile ngozi ya njano, akaosha, akaiweka pamoja na vipande vya jogoo kwenye sufuria ndogo juu ya moto ambao Owor aliupepea kama anataka kuyeyusha chuma. Akatia chumvi, tangawizi, kitunguu. Harufu ilikuwa nzuri. Lakini ninyi ni wapishi, mnajua ninachotaka kusema. Jogoo yule alikuwa mzee. Jogoo wa namna hiyo unamweka motoni asubuhi na jioni bado anabishana nawe, na firigisi yake ndiyo ya mwisho kukubali. Tulikuwa na muda wa kuku mmoja, siyo muda wa huyo kuku. Nikaibonyeza kwa uma. Uma ukateleza.

"Mama, imeiva?" Adikini akauliza.

"Peleka," nikamwambia. "Mzee anatazama jua."

Akaibeba kwenye sahani peke yake, nzima, haijakatwa, jogoo mwenyewe akifuata kwenye sinia. Akapiga magoti na matope yake. Wandera akatazama sahani, akaona alichokuwa anakitaka, akavua kofia. Akachukua firigisi, akaitia mdomoni yote.

Akatafuna.

Akatafuna tena. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya hema nikitazama taya lake, na kila likipanda nilikuwa nakufa kidogo. Akaipeleka upande wa kulia. Akaipeleka kushoto. Mshipa ukamsimama kwenye paji la uso. Nikaona anasimamisha taya, anamtazama Adikini, na nikajua amejua. Ile ilikuwa mbichi katikati, ngumu kama tairi, na mkwe akitema alicholetewa, hakuna mtu duniani atakayemlaumu akipanda gari. Alikuja kutafuta sababu, na tulikuwa tumemwekea mdomoni.

Adikini hakuinua macho. Nilimwona bega moja linatikisika.

Mzee Wandera akafumba macho. Akameza. Ilishuka polepole, wote tuliiona ikishuka, na machozi yakamtoka. Barasa akampa maji, akanywa glasi nzima. Akapumua.

"Imeiva," akasema.

Kisha akageukia wenzake, kwa sauti ya mtu mwenye njaa: "Mnangoja nini? Leteni na ile ya kantini."

Mama Adikini aliinuka kwenye mkeka wake, yule mama mpole, akapiga kigelegele kilichopasua hema, wanawake wote wakadakia, filimbi ya Owor ndani yake. Masinia yakatoka upya. Mzee Wandera akauliza, mdomo umejaa mchuzi, kama kweli firigisi zimo humu, maana ni mtamu kupita kiasi. Baadaye wakazungumza mambo ya ng'ombe, wakabishana, wakacheka, mambo yakaenda. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya gunia la makaa, nikalia kwa furaha mpaka leso ikalowa.

Huko ndiko Adikini alikonikuta, bado ana unyoya mmoja kichwani.

"Mama," akaninong'oneza, "niambie ukweli. Iliiva?"

"Nyamaza, mtoto," nikamwambia. "Baba mkwe wako amesema imeiva."